Dira ya maji imehamishiwa nje ya ukuta na bili imepanda, naombeni msaada

MamaMkolani:

Habari za jioni wakuu. Nina nyumba Mkolani, hapa Mwanza, upande wa kupanda kwenye mawe. Naishi mwenyewe na wapangaji wanne wa vyumba vya uani. Tangu zamani dira yetu ya maji ilikuwa ndani ya uzio, chini ya mwembe, pembeni ya tenki. Mwaka huu vijana wa mamlaka ya maji wakaja kubadilisha. Wakaitoa ile kuukuu ya shaba iliyokuwa imefubaa kioo, wakafunga mpya ya plastiki, ila hawakuirudisha palepale. Wameiweka nje ya ukuta karibu na geti, wakasema ndio utaratibu wa sasa. Na kwa kuwa pale chini kuna jiwe, bomba wamelipandisha, kwa hiyo dira imesimama wima, haijalala kama ile ya mwanzo.

Sasa bili. Tulikuwa tunacheza kwenye yuniti 13 mpaka 15 kwa mwezi. Baada ya mabadiliko ikaja 29, ikafuata 31. Watu ni walewale, nguo ni zilezile, na maji yenyewe ni ya mgawo, yanatoka jioni mpaka alfajiri. Nikienda ofisini naambiwa dira mpya inasoma vizuri, ya zamani ilikuwa imechoka. Wapangaji nao wananong'ona kwamba mama mwenye nyumba ndiye anayewapiga.

Kweli wana haki ya kuitoa dira ndani ya uzio wangu? Ikiibiwa huko nje nani analipa? Kuna fundi wa mtaani kaniambia dira iliyosimama inakimbia, na upepo ulio kwenye bomba nao inausoma kama maji. Anataka nimpe hela kidogo awe anaigeuza siku chache kila mwezi "ipumzike". Mwenzake anataka kuniuzia kifaa cha kutoa upepo kifungwe kabla ya dira. Sitaki kesi, lakini sitaki pia kulipia maji ambayo sijayaona.

KirumbaMwaloni:

Pole mama. Upepo upo, wasikudanganye. Huku kwetu maji yakirudi alfajiri koki inakohoa kwanza, na dira inazunguka kama feni kabla hata tone halijadondoka. Nimesimama pale na tochi nikaiona kwa macho yangu. Nunua hicho kifaa.

FundiMzee_Mabatini:

Mama Mkolani, shikamoo kama umenizidi, na marahaba kama nimekuzidi. Nimefunga na kufungua dira za maji mji huu tangu enzi za bomba za chuma. Sasa nimestaafu, nafanya kazi za watu binafsi.

Huyo wa kuigeuza mfukuze leo. Baadhi ya dira za siku hizi zina valvu ndani inayozuia maji kurudi, ukiigeuza inakwama tu. Na ili aigeuze lazima akate sili, ule waya wa mamlaka wa kuzuia dira isifunguliwe. Dira ni mali ya mamlaka hata kama ipo kwenye ukuta wako, na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, Na. 5 ya mwaka 2019, inahesabu kuichezea kuwa kosa la jinai. Siku sili ikikutwa imekatwa, jina litakaloitwa ni lililo kwenye bili. Fundi atakuwa ameshahama mtaa.

Kuhusu kusimama wima, kakudanganya kinyumenyume. Nenda na tochi usome uso wa dira. Utaona Q3 na namba, kwa dira ya nusu inchi mara nyingi ni 2.5, maana yake mita za ujazo mbili na nusu kwa saa ndio mwendo wake wa kawaida. Pembeni utaona R na namba, ndio usikivu wake, kisha herufi H au V. H ni ya kulala, V ni ya kusimama. Ikiandikwa mfano R80H na R40V, maana yake ikisimama usikivu wake unapungua nusu: maji madogomadogo yanapita bila kuhesabiwa. Na mhimili wa ndani unalalia upande mmoja, unalika mapema. Kwa hiyo dira ya namna hiyo ikisimama inawapunja wao, si wewe. Bili ya 31 haikutoka hapo. Zipo dira za pistoni zinazofungwa popote bila shida, ila hizi za gurudumu zinataka kulala, uso ukitazama juu. Waandikie barua waje wailaze. Waliona jiwe wakachoka, basi.

Upepo sasa. Kirumba hajakosea alichokiona. Bomba likikauka kwenye mgawo linajaa hewa, na maji yakirudi yanaisukuma hewa mbele yao, dira haijui tofauti. Wanaoumia zaidi ni wa mwisho wa laini na walio juu kwenye miinuko. Lakini kwa nyumba moja ni dakika chache za mzunguko. Kama ni yuniti moja kwa mwezi nitashangaa, kumi na saba haiwezekani kabisa. Na kifaa chochote kabla ya dira huruhusiwi kufunga, sehemu hiyo si yako. Valvu za kutoa hewa zinawekwa na mamlaka kwenye bomba kuu, kwenye vilima. Wewe funga koki kuu ukijua maji yamekatika, na yakirudi subiri bomba lishibe ndipo ufungue taratibu. Hela ya kifaa kanunue geti valvu (koki ya kufungia bomba zima) nzuri ya shaba, utaihitaji.

Sasa nikuulize mimi. Toka geti mpaka chini ya mwembe pana urefu gani? Tuseme mita 20. Dira ilipokuwa ndani, hilo bomba la mita 20 lilikuwa *kabla* ya dira. Lilipovuja, lilivujia mamlaka. Wewe hukujua na bili haikujua. Dira ilipotoka nje, bomba lilelile kuukuu, bila mtu kuligusa, limekuwa *baada* ya dira. Kila tone lake sasa ni lako. Mpaka wa wajibu ni dira yenyewe: kuanzia bomba la mtaani mpaka dira ni kazi yao, na kuanzia nati ya kutokea mpaka koki ya mwisho ya choo ni kazi yako.

Kuihamisha wana haki, tena ina faida. Msoma dira anasoma bila kugonga geti wala kukimbizwa na mbwa, na mtu hawezi kujichomekea bomba la pembeni kabla ya dira bila kuonekana kutoka barabarani. Ninachowalaumu ni kimoja. Siku wanaihamisha walitakiwa wafunge koki zote ndani mbele yako, wakuonyeshe kama dira mpya imetulia, na wakuandikie namba ya kuanzia. Dakika kumi tu. Wengi hawafanyi, halafu mwenye nyumba anabaki kupambana na upepo.

Kapime hivi, usiku maji yakiwepo na kwa nguvu. Funga kila koki, funga na valvu ya kuingilia tenki, usitegemee floti, lile boya linalozima maji tenki likijaa. Waambie wapangaji wasiguse kitu. Nenda kwenye dira. Katikati au pembeni kuna kinyota kidogo, aghalabu chekundu, na visaa vidogo vyenye mishale. Kinyota kikitembea huku koki zote zimefungwa, una mvujo. Kisaa kilichoandikwa x0.0001 kikimaliza duara zima, imepita lita moja. Hesabu kimechukua muda gani. Ukipata robo lita kila sekunde ishirini, utaona si kitu, ni kikombe cha chai. Lakini ni lita 45 kwa saa. Kwa mgawo wa saa 12 na mwezi wa siku 30, ni lita 16,200, yaani yuniti 16 na ushee. Yuniti moja ni lita 1000, zile namba nyeusi. Nyekundu ni vipande vyake, msoma dira hazichukui.

Kisha funga koki ya kuingilia nyumbani pale mwembeni. Kinyota kikisimama, mvujo uko ndani: choo, tenki, vyumba. Kisiposimama, uko ardhini kati ya mwembe na geti. Lete jibu hapa.

Mpangaji_Nyakato:

Fundi nadandia hapohapo. Mwenye nyumba wetu kafunga vidira kila chumba. Mwisho wa mwezi jumla ya vidira haifiki kamwe ile dira kubwa, na tofauti anatugawia sawasawa. Ni halali hii? Kuna chumba kimoja kidira chake hakipandi kabisa na watu wanafua kila Jumamosi.

FundiMzee_Mabatini:

Kijana, vidira vya vyumba ni makubaliano yenu na mwenye nyumba, mamlaka inaitambua dira moja tu, ile yao. Jumla kutofanana ni kawaida. Dira nzuri inaruhusiwa kukosea asilimia 2 juu au chini kwa mwendo wa kawaida, na asilimia 5 maji yakipita kidogo sana. Vidira vya bei rahisi vinakosea zaidi, hasa vikifungwa wima ukutani kama picha. Kuna pia maji ya koki ya uani na ya kumwagilia bustani, hayo hayapiti chumba chochote. Mkiona tofauti ni ndogo, gawaneni muishi kwa amani. Ikiwa ni robo ya bili, hapo dai bomba likaguliwe kabla hujatoa hela.

Huyo wa Jumamosi namjua bila kumuona. Chungulia usiku. Atakuwa ameacha koki inadondosha tone tone kwenye ndoo. Kila dira ina mwendo wa chini ambao gurudumu haliamki, tone moja moja linapita kimya, asubuhi ana ndoo imejaa na kidira kimelala. Mwambie mwenye nyumba akifunge kidira chake kikiwa kimelala chali, atapona.

KirumbaMwaloni:

Hahaha, fundi umetoboa siri za watu.

MamaMkolani:

Marahaba fundi, maana nadhani nimekuzidi 😀. Nimefanya kama ulivyosema. Koki zote zimefungwa, floti imefungwa, wapangaji nimewakusanya wote walione wenyewe. Kinyota kinakwenda. Tukafunga ya mwembeni, kinyota bado kinakwenda, wala hakijapunguza.

Asubuhi tukafuata mstari wa bomba. Pale katikati ya njia ya gari, alipopita yule dereva wa lori la mchanga wakati najenga choo, kuna migomba miwili pembeni. Kiangazi chote hiki migomba ya jirani imekauka majani, yangu imenawiri na mkungu juu. Tukachimba. Kwenye kiungo cha bomba la chuma na la plastiki jeusi, soketi imepasuka kwa chini, udongo umelowa mpaka unanasa viatu. Juu pakavu kabisa, maji yanaelekea chini kwenye mpasuko wa jiwe.

Fundi (siyo yule wa kugeuza) ametoa kipande chote, ameweka bomba jipya jeusi kutoka getini mpaka mwembeni bila kiungo katikati. Kinyota kimetulia tuli. Sasa yamebaki mawili. Zile bili mbili kubwa, naweza kusamehewa? Na wapangaji wamegoma kuchangia, wanasema bomba ni la mwenye nyumba.

FundiMzee_Mabatini:

Hongera mama, na hongera kwa kuwaita wapangaji washuhudie, hilo limekuokolea maneno mengi. Na huyo fundi wako mshike, kuondoa kiungo katikati ndiyo kazi yenyewe. Sehemu zile za kusini ya jiji msukumo umebadilika tangu chanzo cha Butimba cha lita milioni 48 kwa siku kisaidiane na kile cha Capri Point cha lita milioni 90. Watu tulilia maji kwa miaka, yamekuja, na yamekuta bomba za wazee wetu. Kila mita 10 za kushuka kutoka kwenye tenki la kilimani zinaongeza baa moja ya msukumo. Nyumba iliyo mita 60 chini ya tenki inabeba baa sita, na usiku watu wakilala haipungui. Soketi iliyokanyagwa na lori haistahimili hiyo.

Bili: kisheria maji yaliyopita kwenye dira yamepita, huwezi kusema hukuyatumia. Lakini nenda na hoja, usiende na hasira. Andika barua, weka picha za soketi iliyopasuka na shimo, risiti ya vifaa, usomaji wa dira siku uliyoziba na usomaji wa wiki moja baadaye. Eleza kwamba bomba hilo lilikuwa kabla ya dira hadi siku walipoihamisha, na kwamba hawakulijaribu mbele yako. Hiyo ndiyo nguvu yako, wengine hawana. Omba wapunguze, au walau wakugawie deni kwa miezi. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wasipojibu, yapo malalamiko ya hatua ya pili: Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, lipo kwa ajili hiyo, na juu yake EWURA wenyewe, wadhibiti wa huduma za nishati na maji. Ukifika huko bila barua yenye muhuri watakurudisha mwanzo.

Ungeishuku dira yenyewe, ungeomba kwa maandishi ipimwe. Wanaweza kufunga dira nyingine iliyohakikiwa ikafuatana na yako kwenye bomba moja, zikalinganishwa, na uhakiki wa vipimo ni kazi ya Wakala wa Vipimo, dira za maji zimo humo pamoja na mizani ya soko. Kwa kujiridhisha nyumbani jaza madumu kumi ya lita 20, kisaa cha x0.1 kitembee tarakimu mbili. Yajaze mpaka alama ya 20, maana dumu likifika mdomoni linazidi.

Wapangaji wana haki, nasema hivyo na wewe utaninunia. Bomba la ardhini ni la nyumba kama bati lilivyo la nyumba. Chukua wastani wenu wa zamani, yuniti 14, hizo wachangie, zinazobaki beba mwenyewe ukisubiri jibu la barua.

MamaMkolani:

Nimenuna kidogo, nimekubali. Barua nimepeleka, nakala ina muhuri. Yule wa mapokezi kasema watakuja kuilaza dira. Sasa kuhusu kuibiwa: nimeagiza kisanduku cha chuma kwa mchomeleaji, kina bawaba na kufuli kubwa.

Nansio_Kisiwani:

Mama kufuli uangalie. Sisi huku Ukerewe jirani alifunga kufuli la namna hiyo, msoma dira akija hamkuti mtu. Miezi mitatu akaletewa bili ya makadirio, wastani wa nyuma, na alikuwa amesafiri hatumii hata tone.

FundiMzee_Mabatini:

Nansio kasema kweli. Mama, mwambie mchomeleaji aache tundu la mraba juu ya uso wa dira, alifunike kwa wavu wa nondo nyembamba, mtu asome bila kufungua. Kufuli liwe kwenye mlango, ufunguo mmoja mpe mpangaji anayeshinda nyumbani. Kisanduku kisigandishwe kwa zege kuikumba dira na nati zake, wakija kuilaza watakivunja. Chini acha kitundu cha maji kutoka ili isikae kwenye dimbwi, kioo kinafubaa. Na dira mpya za plastiki haziibiwi kama zile za shaba, wa vyuma chakavu hawazitaki. Ikitokea, toa taarifa polisi siku hiyohiyo upate hati ya upotevu, upeleke ofisini kabla hujaruhusu mtu yeyote kuunganisha bomba moja kwa moja "kwa muda".

Wakija kuilaza, simama nao. Kabla hawajaifunga tena wafungulie maji yatoke bure kidogo, mchanga utoke. Mlangoni mwa dira kuna kichujio kidogo, kikiziba maji yatakuja kama ya kuombwa na utalaumu mgawo. Mshale ulioko pembeni ya dira uelekee nyumbani kwako. Ile geti valvu uliyonunua ifungwe baada ya dira. Sili mpya waiweke wao, uipige picha pamoja na namba.

MamaMkolani:

Nimeandika yote kwenye daftari la kodi. Wamesema Alhamisi.